Hujuma Ndani ya Ajenda: Kuusoma Mwongozo wa OSS wa 1944

Katika kijitabu cha kijeshi kilichotolewa na Wamarekani tarehe 17 Januari 1944 kuna maelekezo ya kuharibu onyesho la sinema kwa kutumia nondo. Mhusika anaambiwa akusanye nondo wakubwa, dazeni mbili au tatu, awatie kwenye mfuko wa karatasi, aingie nao ukumbini na kuuacha mfuko wazi sakafuni, upande usio na watu. Onyesho likianza, nondo watafuata mwanga wa projekta, na filamu ya propaganda ya adui itajaa vivuli vinavyopapatika. Hakuna bomu wala aliyeumia, na ni vigumu kumpata wa kukamatwa, maana nondo hawana mwenyewe.

Wengi wanaokitaja kijitabu hiki huishia hapo kwenye nondo, au kwenye sukari inayotiwa ndani ya tangi la mafuta ya gari, wakakichukulia kuwa kioja cha vita. Mimi nakiona kuwa miongoni mwa maandishi yaliyosukwa kwa ustadi mkubwa kuhusu namna kundi linavyouawa kutoka ndani, na ustadi huo hauko kwenye nondo. Uko mbele zaidi, katika sehemu ya 11 ya orodha yake ya mapendekezo, pale vifaa vinapoisha na kinachobaki ni watu waliokaa kikaoni. Nataka kuisoma sehemu hiyo kama tunavyosoma shairi au riwaya: nani anasema, anamwambia nani, vitenzi vyake vikoje, na umbo lake limebeba nini ambacho maneno yenyewe hayakisemi.

Kijitabu kilitoka Ofisi ya Huduma za Kimkakati, yaani OSS, idara ya ujasusi ya Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili na mtangulizi wa CIA. Kilitiwa saini na mkuu wake, William J. Donovan. Kiliwalenga raia wa kawaida katika nchi zilizokaliwa na majeshi ya Hitler na washirika wake: fundi wa reli, karani wa posta, mkulima, mfagiaji wa ofisi. Hao ndio waliotakiwa kuipunguzia kasi mashine ya adui bila kuingia msituni, bila kubeba silaha, na bila hata kujuana wao kwa wao. Leo si siri tena, yeyote anaweza kukisoma.

Tukianza na nafsi, tunakuta wasomaji watatu ndani ya andiko moja. Barua ya Donovan inayokifungua kijitabu inazungumza na wote wanaohusika, na inawaonya wasiyatawanye maelekezo haya ovyo. Sura za mwanzo zinazungumza na ofisa atakayemshawishi raia, na humo raia ni “yeye”, mtu anayepimwa kwa mbali: anaogopa nini, anataka nini, atatiwa moyo vipi. Kisha, bila kutangaza, “yeye” anageuka “wewe”. Ghafla ni wewe unayepaswa kuhakikisha moto unashika baada ya kuwa umeshaondoka. Mabadiliko hayo ya nafsi ndiyo kazi ya kwanza ya umbo. Msomaji aliyeanza akiwa mtazamaji anajikuta amesajiliwa kabla hajaulizwa kama anakubali.

Sura inayohusu namna ya kumtia raia moyo inastahili kusomwa taratibu. Inakiri kwamba mtu hazaliwi na hamu ya kufanya kazi vibaya. Fundi aliyezoea kunoa vifaa vyake itabidi ajifunze kuviacha butu, na aliyezoea kubana matumizi ajifunze kufuja. Hapo mwandishi, ambaye hatajwi jina, anafanya jambo ambalo miongozo ya kijeshi hailifanyi mara nyingi: anatunga kisa kifupi. Mfanyakazi ameangusha spana juu ya nyaya za umeme. Ameangushaje? Usiku wa kuamkia siku hiyo mashambulizi ya ndege yalimnyima usingizi, na kazini alikuwa anasinzia. Kisha anaomba radhi, na kuomba radhi kwenyewe kunaagizwa kufanywe kwa wingi. Sentensi chache tu, lakini zina mhusika, wakati, sababu na sauti. Tena zina mhusika anayeeleweka, mchovu, mwenye njaa, wa kuonewa huruma. Kijitabu kinamfundisha raia kujitungia kisa cha namna hii na kukaa nacho tayari, kwa sababu anayekuja kuhoji hatapambana na tendo, atapambana na kisa.

Baada ya hapo zinafuata sehemu kumi za vitu. Majengo, viwanda, migodi, mashamba, reli, magari, vyombo vya majini, simu, umeme. Lugha hapa ni ya nomino: chumvi, msumari, mshumaa, kokoto, uzi, nywele, mchanga. Kila kifaa ni cha nyumbani, na maelekezo yanakwenda kwa vipimo na mpangilio kama mapishi. Ni kurasa zenye manufaa kwa mhusika wake, ila kwa mhakiki hazina mengi, maana tendo na nia vinaonekana pamoja. Mchanga ndani ya mashine hauna maelezo mawili.

Sehemu ya 11 inavunja mtindo huo. Sehemu yake ndogo ya kwanza, inayohusu vyama na mikutano, ina maagizo manane tu. Raia anaambiwa ashikilie kwamba kila jambo lipite njia rasmi na asiruhusu njia ya mkato. Atoe hotuba, azungumze mara nyingi na kwa kirefu, atie visa vyake binafsi, na asisite kuongeza maneno machache ya uzalendo. Apeleke mambo kwenye kamati yakachunguzwe zaidi, na kamati iwe kubwa, isipungue watu watano. Alete mambo yasiyohusika. Abishanie maneno ya barua, ya muhtasari, ya maazimio. Arudie yaliyoamuliwa kikao kilichopita na kuuliza upya kama uamuzi ule ulikuwa wa busara. Ahimize tahadhari, awe mtu wa kiasi, awasihi wenzake wasiharakishe wasije wakaaibika baadaye. Mwisho, atie shaka kama kundi lina mamlaka ya kuamua jambo hilo, au kama litagongana na sera ya walio juu.

Nani kati yetu hajamkuta mtu huyu? Amekaa kwenye bodi ya ushirika, kwenye kamati ya shule, kwenye SACCOS, kwenye kamati ya mazishi. Hapo ndipo msomaji anaposhtuka, na mshtuko huo umetengenezwa na sarufi. Vitenzi vingi kati ya hivi ni vya mjumbe mwema: kufuata utaratibu, kuchangia, kuunda kamati, kusahihisha muhtasari, kutahadharisha, kuheshimu ngazi. Uovu umewekwa kwenye vielezi: mara nyingi iwezekanavyo, kwa kirefu, kubwa kadiri inavyowezekana, kamwe. Uking'oa vielezi hivyo, sehemu kubwa ya kinachobaki inaweza kubandikwa ukutani katika ofisi ya mwenyekiti yeyote kama mwongozo wa kuendesha kikao. Mwenye kutaka kuthibitisha aandike maagizo hayo upya bila vielezi na kumpa mtu asiyejua yametoka wapi. Ataona uongozi bora.

Hilo si suala la mtindo peke yake. Linasema kitu cha kweli kuhusu hujuma ya ndani, kwamba haikai kwenye tendo, inakaa kwenye wingi na wakati wa tendo. Kuomba muhtasari urekebishwe mara moja ni uangalifu. Kuomba hivyo kila kikao, pale hasa jambo zito linapotaka kuamuliwa, ni kitu kingine, ingawa maneno ni yale yale na sauti ni ile ile. Hakuna sentensi moja ya mhujumu unayoweza kuinyanyua na kumshitaki nayo.

Kitu cha pili cha kuangalia ni alama za mtajo. Katika maagizo haya manane baadhi ya maneno yamefungwa ndani ya alama hizo: lile la njia rasmi, la hoja anazotoa msemaji, la uzalendo, la uchunguzi zaidi, la tahadhari, la kuwa mtu wa kiasi. Kwenye kurasa za mchanga na sukari mwandishi hakuhitaji alama hizi, kwa sababu mchanga ni mchanga. Hapa anazihitaji, kwa kuwa anamkabidhi msomaji maneno ambayo ndani yake pametolewa kila kitu na ganda limebaki. Alama hizo ndizo mahali pekee ambapo sauti ya mwandishi inajitokeza na kusema kwamba anajua kuwa neno hili ni la heshima na hapa linatumiwa kinyume. Jambo linaloumiza ni kwamba katika kikao alama za mtajo hazisikiki. Mjumbe mkweli anayehimiza tahadhari na yule aliyetumwa kuihimiza wanatamka neno moja.

Historia yetu ina mfano wa kutufanya tuwe waangalifu hapa. Januari 1958, katika mkutano mkuu wa TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, uliofanyika Tabora, wajumbe walikuwa wamegawanyika juu ya uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimlazimu kila mpiga kura kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Wengi waliuona kuwa ni dharau na walitaka ususwe. Julius Nyerere, kiongozi wa chama, alisimama akatetea kushiriki. Kwa mtu mwenye hasira, na hasira ilikuwa ya haki, maneno yake yangeweza kusikika kama agizo la saba la kijitabu cha OSS: tuwe watu wa kiasi, tusiharakishe. Zuberi Mtemvu, mmoja wa waliopinga, alijitoa na kuanzisha chama chake. Lakini soma umbo la tukio zima na utaona tofauti. Hotuba ile iliishia kwenye uamuzi, uamuzi ukaishia kwenye kampeni, na TANU ikashinda uchaguzi wa 1958 na 1959. Tahadhari iliyosemwa Tabora ilikuwa na kazi upande wake wa pili, na tahadhari ya kijitabu haina upande wa pili. Kwa hiyo anayepima maneno ya mjumbe kwa ukali wake au upole wake anapima kitu kisichofaa.

Nirudi kwenye maagizo manane na nitazame yanakoelekea, maana nadhani hapa ndipo sanaa ya mwandishi ilipo. Agizo la kufufua maamuzi ya zamani linakirudisha kikao nyuma. Lile la kuhofia aibu linakisukuma mbele, kwenye siku ambayo haijafika. Mambo yasiyohusika yanakipeleka pembeni. Kamati inakishusha chini, kwenye kundi lingine litakalokaa siku nyingine. Shaka ya mamlaka inakipandisha juu, kwa wakubwa ambao hawapo. Ubishi juu ya maneno unakizamisha ndani ya sentensi yake mwenyewe. Nyuma, mbele, pembeni, chini, juu, ndani: kila upande umepewa agizo lake, isipokuwa pale kikao kilipo, na saa hii, na jambo lililo mezani. Kwa maagizo manane mwandishi amechora ramani kamili ya njia za kukimbia uamuzi, na sidhani kama kuna mwandishi wa tamthilia ya kisiasa aliyeichora kwa ufupi zaidi.

Mpangilio nao una maana. Agizo la kwanza linataka kila jambo lipite njia rasmi. La mwisho linauliza kama njia hiyo rasmi inaturuhusu. Anayelitii la kwanza anakutana na la mwisho, na la mwisho linamrudisha kwenye la kwanza. Orodha iliyoonekana kuwa na mwanzo na mwisho ni duara. Ajenda za vikao vyetu zina vipengele viwili ambavyo duara hili linavipenda mno, Yatokanayo na Mengineyo. Kimoja kinafungua yaliyopita, kingine kinafungua yote yaliyosalia, na nimeona kikao kinaingia kwenye Yatokanayo asubuhi na kutoka humo jua likiwa utosini, ajenda kuu haijaguswa.

Vipi kuhusu tarakimu? Kurasa za vitu zilijaa vipimo. Kwenye maagizo ya mikutano iko namba moja tu, ile ya watu watano wa kamati. Ukienda kwa mameneja, sehemu ndogo inayofuata, unakuta nyingine: pale ambapo idhini ya mtu mmoja ingetosha, watafutwe watatu. Kile kilichokuwa kipimo cha sukari kimekuwa kipimo cha binadamu. Wenzako ndio nyenzo sasa, na nyenzo hii haijui kwamba inatumiwa. Wajumbe wanne wanyofu walioteuliwa kwenye kamati pamoja na mhujumu mmoja watafanya kazi yake kwa moyo safi, kwa kusoma nyaraka, kutoa maoni, na kuahirisha ili mwenzao mgonjwa apone.

Maagizo kwa mameneja na makarani siyapi alama kubwa kama haya ya mikutano. Mengi ni orodha ya makosa: jalada liwekwe pasipo pake, nakala ipungue moja, barua zikae mpaka zichukuliwe safari nyingine. Yapo mawili tu yenye uzito wa kweli. Moja linamtaka meneja awe mwema kwa wafanyakazi wazembe na kuwapandisha vyeo wasivyostahili, huku wachapakazi wakionewa. Jingine linataka mkutano uitishwe wakati ambapo kuna kazi ya haraka zaidi. Haya yanagusa haki na wakati, vitu viwili ambavyo kundi likivipoteza watu wake wazuri huondoka bila kufukuzwa na mtu.

Kisha inakuja sehemu ya 12, ya mwisho, ambayo ni mchanganyiko wa mambo ya kuvunja moyo na kuleta mkanganyiko. Ndani yake kuna agizo fupi ambalo nadhani linabadilisha usomaji wa yote yaliyotangulia. Raia anashauriwa kuwaripoti kwa Gestapo majasusi wasiokuwapo. Yaani hofu ya kuhujumiwa imetiwa kwenye orodha ya hujuma. Mwandishi aliyetumia kurasa nyingi kumfundisha mtu kujificha anamaliza kwa kumfundisha adui kutafuta, kwa sababu anajua kwamba utafutaji huo utafanya kazi kubwa kuliko nondo.

FBI, shirika la upelelezi la ndani la Marekani, walilielewa hili vizuri mno. Katika mpango wao wa siri wa COINTELPRO, uliodumu kuanzia 1956 hadi 1971, mojawapo ya mbinu ilikuwa kumfanya mwanachama mwaminifu aonekane shushushu, ili wenzake wammalize wao wenyewe. Mpango huo ulifichuka baada ya wanaharakati kuvunja ofisi ndogo ya FBI mjini Media, Pennsylvania, tarehe 8 Machi 1971 na kuchukua majalada. Na wakati Black Panther, chama cha Wamarekani Weusi, mjini Chicago kikihofia wasaliti, mtoa habari halisi wa FBI, William O'Neal, alikuwa ndiye mkuu wa usalama wa tawi. Alichora ramani ya nyumba ya Fred Hampton, kiongozi wa chama hicho, na alfajiri ya 4 Desemba 1969 polisi waliingia humo wakamuua Hampton, kijana wa miaka 21, pamoja na Mark Clark.

Kisa cha O'Neal kinaonyesha pia mpaka wa kijitabu cha OSS. O'Neal alipandikizwa na alikuwa na jina, bosi na malipo. Kenya nako tunao mfano wa namna hiyo: katika vita vya Mau Mau, Waingereza waliwageuza wapiganaji waliotekwa, wakawarudisha msituni wakiwa wamevaa na kusema kama wenzao wa jana. Frank Kitson, ofisa aliyehusika, aliandika juu ya magenge hayo bandia katika kitabu chake Gangs and Counter-gangs cha 1960. Kile ni kitabu cha masimulizi ya nafsi ya kwanza, chenye msitu, usiku, mavazi na hatari, na pandikizi wake ni mtu ambaye anaweza kutambuliwa. Kijitabu cha 1944 hakina mtu wa namna hiyo. Mhujumu wake hakutoka nje. Alikuwepo tangu mwanzo, ni mwanachama halali, analipa ada, na kilichobadilika ni jinsi anavyotumia haki zake. Katika maagizo yale manane adui hatajwi hata mara moja. Hakuna Mjerumani, hakuna vita, hakuna sababu. Ndiyo maana yanasomeka leo, miaka zaidi ya 80 baadaye, kana kwamba yameandikwa kuhusu kikao cha wiki iliyopita.

Na hapa hukumu yangu juu ya kijitabu si ya kukisifu tu. Kililetwa na vita vya haki dhidi ya utawala wa kikatili, na mtu wa reli aliyeuchelewesha mzigo wa jeshi la Hitler alistahili heshima. Lakini kwa kumwondoa adui ndani ya sentensi, mwandishi aliunda chombo ambacho hakimjui mwenye haki. Kinaweza kutumiwa dhidi ya chama cha wafanyakazi, dhidi ya kikundi cha wanawake wanaodai ardhi yao, dhidi ya baraza la kijiji linalohoji mkataba wa mwekezaji. Udhaifu wake wa kimaadili na ubora wake wa kifasihi vimetoka mahali pamoja, kwenye ule usafi wa vitenzi. Anayekisoma akitafuta majina ya wajumbe wa kuwashuku hatapata jina hata moja, ila atakuwa ameanza kulitekeleza agizo la sehemu ya 12. Anayekisoma akihesabu kikao chake kimepelekwa pande ngapi kabla ya kuamua atapata kitu cha kufanyia kazi Jumamosi ijayo, bila kumtuhumu yeyote: kikomo cha muda wa kuchangia, tarehe ya kamati kurudisha taarifa, na kanuni kwamba uamuzi haufunguliwi upya bila jambo jipya.

Nawaomba wafasiri na wachapishaji wetu walifanyie kazi andiko hili. Si lazima kijitabu kizima, hatuhitaji mapishi ya kuunguza maghala. Sehemu ya 11 inatosha, kurasa chache, ikiwa na alama zake za mtajo zote na vielezi vyake vyote, iwekwe mikononi mwa viongozi wa ushirika na vyama, na isomeshwe katika madarasa ya uhakiki pamoja na tamthilia na riwaya zetu.